Wanachimba mchanga usiku ndani ya mita 60 za mto huku Pugu, na kila ofisi inanirusha kwa nyingine

Wakuu, heshima kwenu. Modi, naomba uzi huu msiuunganishe na nyuzi za mafuriko ya Jangwani, kule Dar es Salaam mjini. Mimi nazungumzia huku juu, maji yanakotoka.

Nakaa upande wa Pugu, jirani na kijito kinachoshuka kutoka msituni kwenda kuungana na Mto Msimbazi. Nilihamia hapa watoto wangu wakiwa shule ya msingi, leo mkubwa naye ana mtoto. Kiangazi kijito kile ulikuwa unakiruka kwa hatua moja. Matete huku na huku, mikuyu minene, mdiria katulia kwenye tawi anavizia samaki. Mvua ikinyesha, vyura wanapiga kelele mpaka mnaongea kwa kupaza sauti.

Leo pale ni shimo. Mtu mzima akisimama ndani huoni kichwa chake. Mkuyu mmoja umelala chini tangu masika, mizizi yote juu, kwa sababu udongo uliokuwa umeushika umepakiwa kwenye tipa ukaenda kujengea nyumba za watu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zozote zinazoweza kuharibu kingo za mto, ndani ya mita 60. Mama muuza mchicha alifukuzwa na matuta yake kwa kifungu hicho hicho. Nilikuwepo, nilishuhudia aking'oa mboga zake analia. Tipa zinaingia mpaka majini na hakuna anayezifukuza!

Nimeenda kwa mjumbe, akasema hilo ni la mtaa. Mtaani wakanituma kata. Kata wakasema mchanga ni madini, nenda kwa watu wa madini. Huko nikaambiwa kingo za mto ni suala la ofisi ya maji ya bonde. Watu wa bonde wakataka barua yenye muhuri wa mtaa. Nikarudi mtaani kuomba muhuri, mwenye muhuri yuko safarini. Hiyo ni wiki ya sita sasa. Jamani, mimi ni mstaafu, nauli ninayotumia ni ya dawa zangu.

Na msiseme ni kijito tu. Huo msitu hapo juu, Pugu na Kazimzumbwi, ni hifadhi ya mazingira asilia, mabaki ya misitu ya pwani ambayo karibu yote imeshaisha kwa mkaa na mashamba. Kuna komba mdogo mle, wa Rondo, mzito gramu 60 hivi, yai la kuku karibu limshinde uzito. Duniani kote yupo Tanzania tu, tena kwenye vipande vichache vya misitu hii ya pwani, na yumo katika hatari ya kutoweka. Msitu wenyewe una mpaka na walinzi. Bonde linaloshuka kutoka humo, lenye miti ya kupitisha ndege na wanyama hao wadogo, nani analilinda?

Sasa nyie wa mjini. Mkichota mchanga huku, mto unajichimbia chini na kingo zinamomonyoka. Nyumba mbili za jirani zangu zimebaki na choo kinachoning'inia. Udongo ule hauishii hapa. Unasukumwa na maji mpaka Jangwani, huko ni tambarare, mto unapunguza mwendo na kuumwaga. Kitanda cha mto kinapanda, halafu mvua kidogo tu Barabara ya Morogoro inafungwa. Desemba 2011 walikufa watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, na waathirika wengine wakahamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Kila masika tunazoa tope Jangwani, na huku juu tunaliruhusu lianze safari upya.

Vijana wanaopakia kwa koleo siwalaumu sana, wanalipwa kwa tripu na wana njaa. Hasira yangu ni kwa wenye magari na kwa waliokalia viti, ambao wakipigiwa simu saa 8 usiku hawapokei, halafu asubuhi wanauliza ushahidi uko wapi.

Ushahidi ninao. Usiku wa kuamkia leo zimepita tipa 4, nimeandika namba zote kwenye daftari na saa zilizopita. Jumatatu naenda wilayani. Kama kuna mtu humu anajua dawati linalopokea malalamiko haya bila ule muhuri, aniandikie hapa kabla ya hapo. Nitaleta mrejesho.