Mkono umevimba lakini damu inarudi kwenye mpira wa dripu: iendelee?

MwanafunziMwakaPili:
Shikamooni wakubwa wa wodini. Kuna jambo tumebishana na mwenzangu zamu nzima. Mgonjwa ni mama mtu mzima, ameandikiwa maji ya dripu ya Ringa lakteti, mililita 1000 kwa saa 8. Nilipopita nikakuta matone yamepungua yenyewe, mgongo wa kiganja umevimba, ngozi inang'aa na ni ya baridi, pete imembana. Mwenzangu akashusha chupa chini ya usawa wa kitanda, damu ikaonekana kwenye mpira. Akasema, "Si unaona? Kanula (kijibomba cha mshipani) imo ndani, acha iende." Halafu muda umefika nusu na chupa bado ina mililita 750, anataka tuikimbize ili iishe kwa wakati. Mimi roho inasita. Tumefunga kwanza. Mnasemaje?

SistaZamuYaUsiku:
Marahaba mdogo wangu. Mmefanya vizuri kufunga. Damu kurudi si ushahidi kwamba maji hayavuji. Kanula inaweza kuwa imo ndani ya mshipa lakini imetoboa ukuta kwa pembeni, damu ikarudi na maji yakaendelea kutoka. Tena kuna kanula nzima kabisa kwenye mshipa mwembamba ambayo hairudishi hata tone. Chupa irudisheni juu, mwangalie mkono. Ulaze mikono yote miwili sambamba juu ya shuka, uishike. Baridi, weupe na ngozi kukaza, hayo ni maji yaliyotoka nje ya mshipa. Ukikuta joto, maumivu na wekundu unaofuata njia ya mshipa, na ukipapasa unausikia mgumu kama kamba, huo ni mshipa wenyewe uliovimba. Kwa vyovyote vile, kanula hiyo inatoka.

Anza na pete, sasa hivi, kabla haijafika pa kukatwa. Kisha toa kanula, kandamiza kwa shashi kavu, inua mkono juu ya mto. Mpya iweke mkono wa pili. Ukilazimika kubaki mkono uleule, panda juu ya palipovuja. Ukiweka chini yake, maji yakielekea moyoni yatapita palepale penye tundu.

Kukimbiza ndiko kunakonitisha zaidi. Kwa mpira wa matone 20 kwa mililita, 1000 kwa saa 8 ni matone 42 kwa dakika. Hizo 750 ukizilazimisha kwa saa 4 zilizobaki unafika 63, na mtu mzima mwenye moyo au figo zilizochoka maji yanamjaa mapafuni. Ataanza kikohozi, atakataa kulala chali, mishipa ya shingo itasimama. Ukiona hivyo mketishe, punguza dripu hadi karibu kusimama, mpe oksijeni kama inapungua, ita daktari. Aliyeandika dripu ndiye wa kubadilisha kasi, si sisi.

MfamasiaWaDirishani:
Nauliza: ndani ya chupa kulikuwa na dawa? Kama ni potasiamu, kalsiamu, dekstrozi 50% au noradrenalini, usikimbilie kung'oa kanula. Simamisha, chomoa mpira, vuta kwa sirinji taratibu chochote kinachovutika, chora mpaka wa uvimbe kwa kalamu, mwite daktari. Dawa hizo huunguza nyama. Na maadamu ni Ringa: antibiotiki ya seftriaksoni isipite nayo kwenye mpira mmoja, kalsiamu iliyomo huganda nayo ikawa chembechembe. Naona watu wanalisahau hili kila wiki.

MwanafunziMwakaPili:
Asanteni sana. Ilikuwa Ringa tupu. Pete imetoka kwa sabuni, kanula mpya iko mkono wa kushoto. Daktari amemsikiliza mapafu, akapunguza kuwa mililita 80 kwa saa. Mwenzangu ameshakubali, ila anauliza: mikono ikigoma kabisa, mguu je?

SistaZamuYaUsiku:
Kwa mtu mzima mguu epukeni, damu huganda huko kirahisi. Labda dharura, na mkishapata pengine mnaitoa kanula ya mguuni. Hizo 80 ni matone 27 kwa dakika kwa mpira huohuo wa 20. Someni pakiti, wa watoto ni 60. Hesabu matone dakika nzima ukitazama saa, na akigeuzwa au akikunja mkono hesabu upya. Kwenye chati andika saa uliyotoa kanula, uvimbe umefika wapi, na kiasi alichokwisha kupata. Ile 250 iliyotoka chupani usiiandike yote kana kwamba imeingia mshipani. Sehemu yake iko kwenye kiganja.