Kakatua anapiga mayowe kila kikao kikianza: nianzie wapi?

Kishungi Cheupe

Wakuu, habari za kazi. Nafuga kakatua mweupe (*Cacatua alba*), dume, miaka sita. Tundu lake liko sebuleni, meza ya kazi iko chumba cha pili, na vikao vya mtandaoni ni kila asubuhi, saa tatu hadi saa tano. Mlango ukishafungwa na mimi nikaanza kuongea, naye anaanza mayowe, na yanaweza kwenda nusu saa bila kupoa. Njia zilizokwisha kutumika: kumfunika shuka, kumkemea kutoka mlangoni, kumpelekea karanga ili anyamaze, kumwashia redio. Shuka humtuliza kidogo, kisha anaanza upya kwa nguvu zaidi. Anakula vizuri, manyoya yamekamilika, kinyesi ni cha kawaida. Saa za vikao siwezi kuzihamisha, na ndege simtoi. Naomba utaratibu wa hatua kwa hatua, na sababu ya kila hatua.

Mkufunzi wa Mabawa

Mkuu, tuanze na lengo, maana lengo likikosewa hatua zote zinapotea. Kakatua hafanywi ndege wa kimya. Porini huishi kwa makundi, na kundi hupaza sauti alfajiri kabla ya kutawanyika na jioni kabla ya kulala. Kelele za dakika kumi au ishirini nyakati hizo mwachie. Kinachorekebishika ni mayowe ya kuita: yale yanayoanza ukitoweka na kuisha ukitokea. Hayo amejifunza, na amejifunza kutokana na majibu anayopata.

Tazama orodha yako kwa upande wa ndege. Amepiga yowe, umekuja na shuka: muhimu kwake ni kwamba umekuja. Amepiga yowe, umekemea: umemjibu kwa sauti kubwa, na kwa kakatua sauti kubwa ni maongezi mazuri tu. Amepiga yowe, karanga imefika: huo ni mshahara. Tena siku moja unajibu baada ya dakika mbili, siku nyingine baada ya ishirini, kwa hiyo ameshajua kwamba akiendelea, mwishowe wewe utakuja. Tabia inayolipwa mara mojamoja ni ngumu kuisha kuliko ile inayolipwa kila mara, na ndiyo maana "leo tu nimpe, nina kikao muhimu" inaharibu kazi ya wiki nzima.

Ila sikubaliani na ushauri wa kumpuuza basi. Ndege anayeita bila kujibiwa kwa lolote anabaki na haja ileile, hana njia ya kuitimiza, na kakatua wengine huishia kunyonyoa manyoya yao. Lazima awe na sauti nyingine inayolipa zaidi ya yowe.

Kabla ya kubadili chochote, andika kwa wiki moja: saa, kilichotokea sekunde chache kabla ya yowe la kwanza, yowe lilidumu muda gani, na watu wa nyumbani walifanya nini baada yake. Ukiona linaanza mlango unapobofya, tatizo ni kuachwa. Ukiona linaanza pale sauti yako inapopenya ukutani, tatizo ni kwamba anasikia maongezi na yeye hayumo. Dawa hazifanani: la kwanza linahitaji mazoezi ya kutoka na kurudi, la pili linahitaji umzoeze sauti yako ya kikao, ukisoma maandishi yoyote kwa sauti ileile huku anapata zawadi akiwa ametulia.

Kisha chagua sauti moja ya chini ambayo tayari anaitoa, mluzi au neno fulani. Kila akiitoa ukiwa huonekani, ijibu kwa sauti hiyohiyo ndani ya sekunde mbili. Mwanzoni nenda pia na zawadi kila mara. Baadaye jibu la sauti pekee linatosha mara nyingi, na zawadi inafika mara mojamoja. Zawadi iwe robo ya lozi au kipande kidogo cha jozi, na kitu hicho kisionekane tena kwenye bakuli lake la kawaida. Akishiba lozi bakulini, hana sababu ya kuifanyia kazi.

Mazoezi ya kutoka yafanyike nje ya saa za kazi, dakika tano kila mara, mara tatu kwa siku. Toka sekunde mbili, rudi, mpe. Halafu sekunde tano, kumi, tatu, ishirini, tano, arobaini. Usipande ngazi moja kwa moja. Ukiwa unaongeza tu, atagundua kwamba kila kutoka ni kubaya kuliko kulikopita. Akipiga yowe kabla hujarudi, umevuka uwezo wake. Subiri kimya cha sekunde tatu, rudi bila mbwembwe, na zamu inayofuata punguza muda nusu. Baada ya siku kadhaa kimya kinachohitajika kiwe sekunde tano, kisha kumi, kisha thelathini. Wengi hudai kimya cha dakika nzima tangu siku ya kwanza. Ndege hafiki huko kamwe, kwa hiyo halipwi kamwe.

Fundi Tundu

Naunga mkono yote, naongeza upande wa kazi za ndege mwenyewe. Kakatua wa porini hutumia sehemu kubwa ya siku akitafuta na kumenya chakula. Ukimpa bakuli limejaa saa kumi na mbili asubuhi, dakika kumi na tano amemaliza, na saa zilizobaki kazi aliyo nayo ni kukuita.

Gawanya chakula cha siku. Theluthi moja asubuhi bakulini, na iliyobaki ifichwe, sehemu kubwa ikitolewa dakika kumi kabla ya kikao. Uwe umeshamkabidhi kabla hajaanza kelele; ukimpa baada ya yowe, umerudi kwenye mshahara. Anza na kitu rahisi: peleti tatu (vidonge vya chakula cha ndege) ndani ya karatasi nyeupe isiyo na wino wa kung'aa, iliyosokotwa ncha mbili. Akizoea kuipasua, weka karatasi hiyo ndani ya boksi dogo lisilo na pini wala gundi nyingi, halafu boksi ndani ya boksi. Ukianza na fumbo gumu atalitazama dakika moja, atalidharau, na ataanza mayowe.

Vya kutafuna viwe vingi kuliko unavyodhani. Kata mbao laini za msonobari ambazo hazijapakwa rangi wala dawa, vipande vya sentimita mbili kwa tano, vitoboe, pitisha kwenye fimbo ya chuma cha pua. Vipande kumi kwa asubuhi moja si vingi kwa mdomo ule. Epuka waya na minyororo iliyopakwa zinki, kwa sababu anailamba na kuitafuna, na zinki ni sumu kwake kama madini ya risasi yalivyo. Kamba za pamba zikishaanza kutoa nyuzi zitoe: nyuzi hukaza kidole au huingia kwenye koo la chakula.

Kuhusu redio: haina ubaya, ila isiwashwe kama jibu la yowe. Iwashe mapema, kwa sauti ya chini. Redio kubwa inamfanya apandishe sauti aizidi.

Hapa natofautiana kidogo na Mkufunzi. Kama daftari litaonyesha kwamba kinachomkera ni sauti yako ukutani, jaribu pia kuweka kijiti cha kusimama ndani ya chumba cha kazi, mita mbili kutoka kwenye meza, kwa vikao ambavyo unasikiliza tu. Baadhi ya kakatua hutulia wakikuona, na nusu ya tatizo inaondoka. Wengine hudhani unaongea nao kwa sababu wao ndio pekee waliopo chumbani, na wanajibu kila sentensi. Utajua ndani ya vikao viwili.

Mlezi Makini

Mabandiko hapo juu yanamchukulia kama ndege mzima wa afya na aliyelala vya kutosha. Hakikisha.

Anahitaji saa kumi hadi kumi na mbili za giza na utulivu. Tundu la sebuleni ambako televisheni inawaka hadi usiku wa manane haliwezi kumpa hayo, na ndege aliyepata usingizi wa saa sita tu huamka na hasira ileile ya mtoto aliyekosa usingizi. Tundu dogo la kulalia kwenye chumba kingine ndilo suluhisho safi. Shuka itumike huko, usiku, kama ishara ya kulala. Ikishatumika mchana kama adhabu, hata usiku ataiogopa.

Jingine linalosahaulika ni mikono yenu. Dume wa miaka sita ameshapevuka. Kumpapasa mgongoni, chini ya mabawa au karibu na mkia kunamwamshia hamu ya kuzaliana, naye anaanza kukuona mwenza. Mwenza akitoweka nyuma ya mlango, anaitwa kwa nguvu zote. Mguse kichwani na shingoni tu. Ondoa maboksi na pembe zenye giza anazoweza kuingia, usimpe vyakula laini vya uvuguvugu kila siku, na mwanga wa taa usizidi muda wa saa kumi na mbili kwa siku. Katika aina hii ya kakatua jambo hili ni zito kuliko kelele, kwa sababu kuamshwa hamu mara kwa mara kunahusishwa na sehemu ya ndani kutokeza kwenye tundu la kinyesi. Ukiona nyama nyekundu imetokeza hapo, ni dharura, apelekwe kwa daktari wa ndege siku hiyohiyo.

Mpime kila wiki kwa mizani ya gramu, asubuhi kabla hajala. Ndege wa gramu 550 akishuka hadi 500 bila sababu, au mayowe yakibadilika ghafla baada ya miezi ya utulivu, anza kwa daktari kabla ya mafunzo. Ndege huficha ugonjwa, na uzito hushuka kabla macho yako hayajaona kitu.

Maiki na Kuta

Mafunzo yanachukua muda na vikao ni kesho asubuhi, kwa hiyo hili ni la kukuvusha.

Sponji za ukutani hazizuii yowe. Zinapunguza mwangwi ndani ya chumba chako tu. Kinachozuia sauti kupita ni uzito na kuziba mianya, na mwanya mbaya kuliko yote ni chini ya mlango. Weka mpira wa kuziba pande tatu za fremu na kizibo kinachogusa sakafu chini. Kazi ya saa moja, na tofauti utaisikia. Kabati lililojaa vitabu kwenye ukuta wa kati nalo linasaidia.

Maiki ya kompyuta inanasa chumba kizima. Tumia ya hedifoni yenye mkono, au maiki ya dainamiki inayopokea sauti ya mbele zaidi, sentimita tano hadi nane kutoka mdomoni, mgongo wake ukielekea upande wa tundu. Ukipunguza umbali wa mdomo kwa nusu, sauti yako inapanda takriban desibeli sita wakati yowe linabaki palepale, halafu unashusha kiwango cha maiki. Zima marekebisho ya sauti ya kujiendesha. Ukinyamaza yenyewe hupandisha kiwango, na yowe linalofuata linawafika wenzako likiwa limekuzwa. Vichuja kelele vya programu huondoa vizuri mvumo wa feni, lakini yowe ni la ghafla na liko kwenye masafa ya sauti ya binadamu, hivyo mara nyingine hukata maneno yako badala yake. Usivitegemee peke yake. Kaa umezima maiki, na kwenye Zoom shikilia kitufe kirefu cha nafasi unapoongea, ukiachia inajizima.

Na masikio yako: kwa desibeli 85 kinga hupendekezwa baada ya muda wa saa nane, kila zikiongezeka tatu muda unakatika nusu, kwa hiyo kwa 100 ni dakika kumi na tano. Kakatua mkubwa akiwa karibu anazidi hapo. Vaa vizuizi vya masikio unaposubiri kimya mlangoni; vinakusaidia pia usikurupuke kujibu.

Kishungi Cheupe

Nashukuru sana wakuu. Daftari linaonyesha ni mlango. Nilipoacha kwenda akipiga kelele, zimeongezeka ukali na urefu. Je, niko njia sahihi? Na kumletea mwenzake kungesaidia?

Mkufunzi wa Mabawa

Kuongezeka huko kunatarajiwa. Njia iliyokuwa ikilipa imefungwa, basi anaisukuma kwa nguvu zaidi kabla ya kuiacha. Hatari ni kukubali wakati yowe liko kileleni, maana hapo utakuwa umemlipa yowe kubwa kuliko lote. Usipoweza kuhimili asubuhi fulani, usiingie kwenye mtihani huo: mpe mtu mwingine wa nyumbani akae naye, au mweke chumbani kwako kama Fundi alivyosema. Asubuhi isiyo na zoezi haiharibu kitu. Asubuhi ya zoezi lililovunjika katikati inaharibu. Ila hakikisha mluzi wake unajibiwa kila mara kipindi hiki. Ikiwa ukali hauonyeshi dalili ya kupungua baada ya wiki mbili, angalia kama kuna mtu mwingine nyumbani anayemjibu bila kukuambia. Mara nyingi yupo.

Mwenzake, hapana. Huna uhakika kwamba watapatana, na madume ya kakatua wamewahi kujeruhi majike vibaya, hata kuua. Pia ndege mpya atajifunza mayowe kwa huyu.

Kikao kizima kisiwe zoezi la kwanza. Fanya kipimo hiki: akiweza kukaa dakika ishirini mlango umefungwa, ana karatasi za kupasua, na wewe unasoma kwa sauti ya kikao, jaribu kikao kifupi kuliko vyote ulivyo navyo. Rudi kwake kati ya kikao na kikao, hata kwa dakika mbili, mradi amenyamaza au amepiga mluzi wake. Akimudu hicho siku tatu mfululizo, ongeza kinachofuata.