Ushauri: muvi yetu ya pili tuiweke kwenye blokicheni?

Mpiga_Klapa: Wakuu, habari za jioni. Niko Dodoma, Kikuyu. Tulipiga muvi ya dakika 70 mashambani kwenye zabibu huku Chamwino, watu watano, kila mtu akitoa alichonacho. Mgawo tulikubaliana kwa mdomo: mimi 40, kamera 20, waliobaki wagawane. Msambazaji akatupa hela ya mkupuo, basi. Simu hapokei, na muvi inarushwa kwenye flashi kwa buku. YouTube bado hatujafikisha wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 ili tulipwe matangazo.

Sasa kuna jamaa anasema ya pili iende kwenye blokicheni, lile daftari la mtandaoni linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja: mtazamaji akilipa, hela inajigawa hapohapo. Anataka laki sita atutengenezee tokeni, yaani vyeti vya kidijiti vya muvi ambavyo watu wananunua na kuuziana. Mpiga kamera keshalainika, mimi nasita.

Mzee wa Makole: Laki sita ya nini? Muulize kwanza mtazamaji wa Mpwapwa atalipaje. Kama ni mpaka afungue pochi ya kidijiti ya Ethereum, moja ya hizo blokicheni, sahau. Shangazi yangu kutuma M-Pesa tu anaita mjukuu.

Binti Kondoa: Mzee, usibeze yote. Kwenye kugawana hapo iko vizuri. Asilimia zenu zinaandikwa ndani ya mkataba unaojiendesha wenyewe, Ethereum inafanya hivyo tangu 2015. Hela ikiingia, kila mmoja anapata chake na wote mnaona. Hakuna zile za "nitawatumia Ijumaa". Ila inagawa iliyopita mlangoni tu, ya kwenye flashi haina habari nayo.

Na kama huyo jamaa kawaahidi mrabaha, yaani fungu la msanii, kila tokeni ikiuzwa tena, awe muwazi. Waliokuwa wanaukata ni masoko ya tokeni, siyo blokicheni yenyewe. OpenSea, moja ya masoko hayo, mwaka 2023 waliamua mrabaha uwe hiari ya muuzaji, wasanii wakabaki wanashangaa.

Mpiga_Klapa: Asante dada. Mtu hawezi kuiandikisha muvi yangu kwa jina lake huko?

Binti Kondoa: Anaweza kabisa. Blokicheni inatunza kilichoandikwa, haiulizi nani kashika kamera. Na video yenyewe kwa kawaida haikai humo, ni nzito mno. Inakaa kumbukumbu tu. Anzeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na huo mgawo wa mdomo uandikeni kwenye karatasi mbele ya wakili.

Kilimani Sheria: Naongezea. Novemba 2019 Benki Kuu ilitoa tangazo la kukataza sarafu za kidijiti kama hizo za Ethereum. Halafu Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye mauzo ya mali za kidijiti. Msije mkadhani kukatwa kodi ndiyo kuruhusiwa.

Mpiga_Klapa: Mrejesho wakuu. Nimempigia jamaa, nikamwambia laki sita yake aiandike humohumo kwenye mgawo, ikatwe mauzo yakianza. Kasema yuko kwenye kikao, atanitafuta.

Mzee wa Makole: Hahahaa! Kikao cha Bunge la bajeti hicho.