Kiwewe au msongo wa mawazo wa muda mrefu?

Msikivu: Wakuu, naomba ufafanuzi. Mtu amenusurika ajali mbaya. Miezi 3 baadaye bado anashtuka mlango ukibamizwa, hapati usingizi, na barabara ile hapiti tena. Ni msongo wa mawazo tu au kiwewe, yaani jeraha la akili linalobaki baada ya tukio la kutisha? Na akigutuka usiku jasho likimtiririka, aliye naye afanye nini?

Nahodha: Mkuu, anza na muda. Wengi hutulia wenyewe ndani ya mwezi 1. Dalili zikivuka hapo na kumvurugia kazi au maisha ya nyumbani, apimwe kiwewe. Mpimaji hutafuta makundi 4: tukio kujirudia kwa ndoto au picha za ghafla, kukwepa, kujilaumu na kufa ganzi kihisia, mwili kukaa chonjo saa zote.

Hilo la kukwepa lipe uzito. Kila asipopita barabara ile hupata nafuu papo hapo, na ubongo unajifunza kwamba kukwepa ndiko kulikomwokoa. Kesho atakwepa na barabara ya pili, mwishowe hapandi gari kabisa.

Msongo sugu una mzigo ambao bado upo: deni, kazi, kuuguza. Kotisoli, homoni inayopaswa kupanda asubuhi na kushuka usiku, huvurugika. Usingizi hukatika, shinikizo la damu hupanda, kumbukumbu hulegea. Mzigo ukitoka, mwili hutulia polepole. Mwenye kiwewe, hatari ilishapita zamani na mwili bado unajihami.

Bi Zuhura: Kuhusu usiku: usimtikise, anaweza kurusha ngumi kabla hajajua yuko wapi. Simama hatua mbili kutoka alipo, washa taa, mwite kwa jina, mwambie yuko wapi na leo ni siku gani. Akae, nyayo zikanyage sakafu, ataje vitu 5 anavyoviona. Kisha avute pumzi kwa hesabu ya 4, aitoe kwa 6, dakika chache. Usimlazimishe kusimulia, tafadhali. Na pombe humlaza haraka, ila usingizi hukatika baadaye.

Nahodha: Asante Bi Zuhura. Tiba yenye nguvu ni mazungumzo yanayoligusa tukio lenyewe. Ile ya kuchambua fikra huwa vikao 12 hivi. Mwanzoni dalili zinaweza kupanda na wengi hukimbia hapo, kwa hiyo aambiwe mapema. Setralini, dawa ya sonona inayotumika pia kwa kiwewe, husaidia baada ya wiki kadhaa, asiiache ghafla. Diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, haishauriwi kwa kiwewe. Akitaja kutaka kufa, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali saa hiyohiyo.