Naomba ushauri: narudi Mamba kwa baba mdogo baada ya miaka 11, nianzie wapi?

Mjukuu wa Mamba

Ndugu zangu, habari za jioni. Desemba hii, Mungu akipenda, nitaondoka Dar es Salaam pamoja na mke wangu na watoto wetu 3, kwa gari letu dogo, kwenda kula Krismasi nyumbani Mamba, upande wa Marangu, Kilimanjaro. Kwa familia nyingi za kwetu safari hii ni ya kila mwaka na haihitaji ushauri wa mtu. Mimi sijakanyaga pale tangu tulipomzika baba miaka 11 iliyopita, na watoto wangu wote wamezaliwa baada ya hapo.

Kilichotutenganisha ni mpaka. Baba mdogo ndiye kitinda mimba, hivyo alibaki na nyumba ya babu kama ilivyo desturi yetu. Kati ya kihamba chake, yaani shamba la urithi la migomba, na cha baba kulikuwa na mstari wa masale, mimea yetu ya mpakani, ambao babu aliupanda kwa mkono wake, ukishuka hadi kwenye mfongo, yaani mfereji wa maji. Siku ya tatu baada ya mazishi tulikuta masale manne yameng'olewa na kulazwa juu ya majani ya migomba, mizizi ikiwa bado na udongo mbichi. Nilikuwa na umri wa miaka 26 na uchungu wa kufiwa, nikamwambia baba mdogo mbele ya watu maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi wake. Hakunijibu, alichukua koti lake kwenye kiti akaingia ndani, na alfajiri iliyofuata nikapanda basi. Mpaka leo sijui ni nani aliyeyang'oa.

Tangu hapo habari za misiba na harusi tunazipata kwa shangazi tu. Naomba mnisaidie: nimpigie simu kwanza? Tulale kwake, au tuchukue nyumba ya wageni Marangu Mtoni ili tusimlemee? Na suala la mpaka nilianzishe mimi?

Mama Wawili

Pole sana, kaka. Hilo la nyumba ya wageni naomba ulifute kabisa. Mkilala huko, majirani watajua kabla hamjafungua mabegi, na baba yako mdogo ndiye atakayeulizwa kanisani ni kwa nini watoto wa marehemu kaka yake wanalipia kitanda wakati nyumba ya babu yao ipo. Utakuwa umemwaibisha mara ya pili. Hata akikupa chumba kimoja kwa watu watano, laleni humo humo mkeka chini.

Mzee wa Kirua

Kijana wangu, nakushauri usimpigie simu kuomba radhi. Mzazi uliyemvunjia heshima mbele ya watu huombwa radhi ana kwa ana, na kwetu Uchagani jambo hilo lina njia yake. Mtangulize shangazi yako, kwa kuwa ni dada yao na amekuwa daraja kwa miaka yote hii. Afike kwake mapema, aseme kwamba mtoto anarudi na anajutia, kisha wewe ukifika uingie naye mkiwa na jani la isale. Wazee wetu walilipa jani hilo uzito mkubwa: anayeletewa isale haitakiwi amfukuze aliyelileta. Unajua pia kwamba isale hilo hilo ndilo tunalopanda mipakani na makaburini, kwa hiyo ombi langu ni kwamba lisichumwe kwenye mstari ule mliogombania. Shangazi alichume kwingine.

Kuhusu mpaka, usiutaje mezani wala siku ya Krismasi. Kati ya tarehe 26 na mwisho wa mwaka ndipo ukoo unapokuwa umekusanyika, na wazee wanaokumbuka babu yako alipanda wapi bado wapo. Akitaka yeye kulizungumza, wewe sikiliza. Asipotaka, mwache. Ulikosea kwa ulimi, na kosa hilo halingoji ardhi ipimwe.

Dereva wa Kaskazini

Mimi nitasema la barabara, kwa sababu mtu aliyefika amechoka na usiku haombi radhi vizuri. Safari ni kama kilomita 550, na wiki ile ya Krismasi magari ni mengi mno. Ondokeni saa 10 alfajiri, mpite Bagamoyo hadi Msata ili kukwepa foleni ya Kibaha na Chalinze. Kiwangwa mtapata mananasi mazuri ya kumpelekea shangazi. Vijijini heshimu 50 kwa saa, na kuanzia Segera kwenda Mombo usishindane na mabasi. Jioni ikiwakuta Same, laleni hapo hapo, mpite Himo asubuhi na kuanza kupanda mlima mkiwa mmeoga na watoto wamekula.

Binti Mpare

Naongeza dogo, mleta mada. Watoto wafundishe tangu sasa kwamba yule ni babu yao, na wamwite babu bila neno jingine. Wamwamkie wao kwanza, wewe ukiwa nyuma. Msipeleke bahasha ya fedha siku ya kwanza, inaweza kuonekana kama fidia. Pelekeni mchele, sukari na majani ya chai, mvikabidhi kwa mke wake jikoni.

Mjukuu wa Mamba

Nawashukuru wote, na nimesoma kila neno pamoja na mke wangu. Mzee wa Kirua, umeniambia jambo ambalo nililikwepa kwa miaka mingi, kwamba nilikuwa nikisubiri ukweli wa yale masale ili nijue kama nastahili kuomba radhi. Nyumba ya wageni nimeiacha. Jumapili nilizungumza na shangazi, naye jana alipanda hadi kwa baba mdogo na kukaa naye mpaka jioni. Anasema baba mdogo alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza jambo moja tu: tutapita Himo saa ngapi.