Ati "Google ina njaa, wewe huilishi": hodi 94 kwa koma moja!

BintiMalindi:
Assalaam aleikum. Chai imepoa, hasira haijapoa, na jina silitaji. Haja ipo wapi? Yule fundi alonijengea tovuti. Kwani Unguja hii kuna tovuti hajaitia mkono?

Leo asubuhi, kundini, watu mia mbili wanasikia, kwa sauti wala si kwa maandishi: "Bi mkubwa, Google ina njaa, wewe huilishi." Yaani ati makala zangu siiarifu Google. Kisha akacheka. Kile kicheko ndicho nilichokuja nacho hapa.

Haya, tutazame chakula chake. Orodha kaimwaga kundini mwenyewe kwa kujisifu. WordPress, ile programu inayoendesha tovuti: Mipangilio, Uandishi, ukiteremka chini kabisa kuna kisanduku cha huduma za kupashwa habari kila makala inapotoka. Kikiwa kipya kina anwani moja tu, rpc.pingomatic.com, na hiyo moja inatosha, kwa sababu kazi yake ndiyo hiyo: unaipigia hodi, yaani unaiarifu, mara moja, yenyewe inapeleka kwengine. Yule katia anwani 94. Tisini na nne! Arusi ya Malindi haialiki hivyo. Humo mna Technorati, iliyoacha kuorodhesha blogu tangu 2014. Mna na mlango wa zamani wa Google wa kutafutia makala, ulofungwa zamani. Anapiga hodi makaburini.

WordPress ikipiga hodi pasi na jibu, inasubiri sekunde 3, inapiga tena na kusubiri 3 nyengine, ndio iende nyumba ya pili. Kama zote kimya, 94 mara 6 ni sekunde 564, zaidi ya dakika 9. Na hodi haipigwi kwa makala mpya peke yake. Fungua makala ilokwishatoka, rekebisha koma kwenye ratiba ya boti ya Mkoani, bonyeza kusasisha: inapigwa upya, nyumba zote. Koma moja, hodi 94.

Halafu mie ndio silishi. Mie!

KarafuuMbichi:
Yakhe, poa roho. Kwani kilokuuma ni anwani au kicheko?

BintiMalindi:
Kicheko. Na anwani. Lakini kicheko.

Mwana_Chwaka:
Nimekaa mstari wa mbele, kahawa na kashata mkononi. Endeleeni.

MlangoWaUani:
Na hiyo Google anayoilisha hata haili kwenye sahani hiyo. Ile hodi ya kuiambia Google "ramani ya tovuti", yaani orodha ya kurasa zake, "imebadilika", walitangaza Juni 2023 kwamba wanaifunga, ikafungwa. Ukiipiga leo unapata 404, yaani hakuna kitu hapo. Bing waliifunga yao mwaka uliotangulia. Google inakuja kuisoma ramani wenyewe kwa wakati wanaoutaka wao, na inatazama tarehe ya mabadiliko ilioandikwa humo, ikiwa ni ya kweli. WordPress ina ramani yake tangu toleo la 5.5, mwaka 2020, wp-sitemap.xml. Tarehe hizo za makala zimeanza kutiwa kwenye 6.5. Basi kama tovuti yako iko toleo la nyuma, sasisha kwanza ndio uje kugombana.

Shoki_Shoki:
Dawa nyepesi: zima xmlrpc.php. Hodi zote kwisha. Kazi imekwisha, funga uzi.

MlangoWaUani:
Haikwishi, bwana. xmlrpc.php ni mlango wa mbele, wa wageni kuingilia. Hodi za kwenda nje zinatokea uani. Ukiufunga wa mbele umezuia wanaojaribu nywila zako na pingbaki za watu, jambo jema, lakini 94 zinatoka kama kawaida. Na pingbaki nayo si hodi hii. Pingbaki ni kumwarifu mwenye makala ulietia kiungo chake. Ukiona tovuti inajipigia pingbaki mwenyewe, viungo vya ndani viandike vifupi, /ratiba-mkoani/, usianze na https na jina la tovuti.

Shoki_Shoki:
Haya mwalimu.

Mwana_Chwaka:
Bi, hicho kisanduku umekiona kwa macho yako, au umeiona orodha kundini tu? Ingia mwenyewe utazame.

BintiMalindi:
Nimeingia. Kisanduku hakipo! Pahala pake pana maneno tu, ati WordPress haiarifu huduma yoyote kwa sababu ya mpangilio wa kuonekana wa tovuti.

Mwana_Chwaka:
😂😂😂 Subhanallah. Nenda Mipangilio, Kusoma, chini. Kile kisanduku cha kuzuia injini za kutafutia kina tiki?

BintiMalindi:
Kina tiki.

KarafuuMbichi:
KINA TIKI 😂 Kapika sufuria 94 kisha kafunga mlango wa jiko na ufunguo kaondoka nao.

MlangoWaUani:
Ndivyo hasa. Tiki ile ikiwepo, WordPress inaifanya orodha kuwa tupu kila ikitaka kuisoma. Hata hodi moja haitoki. Ramani ya tovuti nayo inazimika, na kila ukurasa unatiwa alama ya noindex, yaani unaiambia Google "usiniorodheshe". Mafundi huitia wakati wa kujenga, jambo la haki kabisa, kisha wakasahau kuiondoa siku ya kufungua.

BintiMalindi:
Kwa hiyo alofunga chakula ni yeye! YEYE! Na mbele ya watu mia mbili ananambia mie huilishi, na anacheka!

Mwana_Chwaka:
Ukiondoa tiki usishangilie mapema. Orodha haikufutika, ilifichwa tu. Kisanduku kitarudi na zote 94. Kwa hiyo: ondoa tiki, hifadhi, rudi Uandishi, futa zote, bakiza rpc.pingomatic.com, hifadhi. Ukiongeza ya pili, itie mstari wake peke yake, si kwa koma.

BintiMalindi:
Usinitajie koma.

Bwana_Kroni:
Mnasahau kitu. Hodi haipigwi pale unapobonyeza. WordPress inaipanga kwenye foleni yake, jina lake do_pings, na foleni inasogea mtu akitembelea tovuti. Tovuti isiyo na wageni, hodi inalala. Mbaya zaidi ni mafundi wanaotia DISABLE_WP_CRON kuwa true ndani ya wp-config.php "ili tovuti iwe nyepesi", bila ya kutia kroni ya seva, yaani saa ya seva yenyewe ya kuamsha kazi. Hapo hakiendi kitu: hodi haziendi, makala za kupangwa hazitoki. Aidha ufute mstari huo, au utie kroni ya seva iite wp-cron.php kila dakika 5. Mwenye wp-cli, chombo cha kuiamrisha WordPress kwa maandishi, aandike wp cron event list. Akiiona do_pings imekaa na saa yake imeshapita, foleni imekufa.

Shoki_Shoki:
Na IndexNow, njia ya kuziarifu injini za kutafutia moja kwa moja, mbona hamuisemi? Imeanza 2021, Bing na Yandex wanaitumia. Unatengeneza ufunguo, herufi na tarakimu kuanzia 8 hadi 128, unautia kwenye faili la .txt lenye jina hilo hilo juu kabisa ya tovuti, kisha unatuma viungo, mpaka 10,000 kwa mara moja. Jibu likiwa 200 au 202, shwari. 403, ufunguo hauonekani. 422, umetuma viungo visivyo vya tovuti yako. 429, umezidisha, pumzika.

KarafuuMbichi:
Leo umesema la maana. Lakini Google haimo humo, kwa hiyo njaa ya Bi iko pale pale 😂

Kijana_wa_Wete:
Nyinyi mna raha, mnagombania hodi. Sisi huku kuna fundi kapanga tangazo la maziko litoke saa 2 asubuhi. Kaandika 02:00! Na saa za tovuti kaziacha UTC, ilo nyuma yetu kwa saa 3. Tangazo limetoka saa 11 alfajiri, watu wanaamka wanadhani mtu kafa usiku ule.

Bwana_Kroni:
Makosa mawili ndani ya moja. Saa 2 asubuhi ni 08:00, na ukanda uchaguliwe mji, si UTC. Mipangilio, Jumla, Dar es Salaam.

Kijana_wa_Wete:
Kwa nini Dar es Salaam? Zanzibar haimo?

Bwana_Kroni:
Haimo kwenye orodha. Saa ni moja, tofauti iko wapi?

KarafuuMbichi:
Ohoo. Tumefika pale.

BintiMalindi:
Jamani, na mie je? Nimjibu vipi kundini?

Kijana_wa_Wete:
Subiri kwanza Bi. Yaani Zanzibar nzima haimo?

Shoki_Shoki:
Nimeifungua orodha sasa hivi. Chini, sehemu ya Bahari ya Hindi. Antananarivo imo. Comoro imo.

KarafuuMbichi:
Comoro imo?!

Shoki_Shoki:
Imo. Na Mayotte.

Kijana_wa_Wete:
MAYOTTE!