Naombeni vitabu vya Kicheki, Desemba naenda ukweni Olomouc

Kibo_Usiku: Wakuu, habari za jioni. Mimi naongoza watalii mlimani, niko Moshi. Nina mchumba Mcheki, na Krismasi nimealikwa kwao Olomouc. Baba yake ni mkutubi mstaafu, mtu wa vitabu asubuhi mpaka usiku. Nitajieni vitatu vinne vya kwao nisome fasta, nisije nikakaa mezani kama gogo. Kiingereza kinapanda. Nina wiki tano. Natanguliza shukrani.

Mzee wa Kihesa: Nilisoma uhandisi Brno, 1976 hadi 1981. Kijana, kabla ya vitabu jifunze kuvua viatu mlangoni, watakupa ndala za ndani. Maua ya mama mwenye nyumba yawe matatu au matano. Manne ni ya msibani. Na Krismasi usitegemee pilau. Ni samaki wa bwawani, wanamwita kapr, ananunuliwa hai anawekwa kwenye beseni la kuogea hadi siku yake. Mwaka wangu wa kwanza niliamka usiku kwenye nyumba ya watu, nawasha taa ya bafu, jitu linanitolea macho majini. Nilipiga ukelele jirani wa juu akagonga sakafu. Gamba lake unatia kwenye pochi ili hela isikauke. Langu ninalo mpaka leo, hela ndiyo sijaiona.

Dada Mwalimu: Mtu kaomba vitabu, mzee kampa samaki 😂. Anza na Babička ya Božena Němcová, 1855. Bibi anakuja kukaa na wajukuu kijijini, basi, lakini wamekua nayo, na sura ya mwandishi iko kwenye noti yao ya koruna 500. Halafu Kytice ya Erben, mashairi ya 1853. Humo yumo Vodník, zimwi la majini. Ngano zao zinasema anafungia roho za waliozama kwenye vikombe vyenye vifuniko. Aliyekulia ziwani haelezwi mara mbili.

Chaga Original: Kafka. Mada ifungwe.

Dada Mwalimu: Kafka ni mtoto wa Praha ila aliandika Kijerumani. Ukianza naye mezani, mzee atakuchekea kwa adabu.

Jirani wa Limuru: Swali la kando jameni, ni kweli Bata ni ya hao watu? Mimi nimekua nikijua Bata ni yetu hapa Limuru.

Mzee wa Kihesa: Ni yao. Tomáš Baťa alianzia Zlín, 1894.

Fundi Mchundo: Mleta mada, kuna kitu unakizunguka. Huyo baba mkwe umeshamwambia nini?

Kibo_Usiku: Mzee, shikamoo. Mama mkwe ni marehemu, kwa hiyo maua hapana. Fundi, sawa. Mwaka jana baba mkwe alinitumia kwa posta Švejk ya Hašek, tafsiri ya Kiingereza ya Cecil Parrott. Nikamjibu nimeimaliza, nimecheka sana. Nilikuwa nimesoma kurasa kama kumi hivi.

Fundi Mchundo: Hilo dogo. Kimalizie sasa. Kiko wapi?

Fundi Mchundo: Mkuu? Naona uko hewani.

Kibo_Usiku: Nilikiuza. Masika mlimani hakuna kazi, mwenye nyumba yuko mlangoni. Muuza vitabu vya mitumba pale stendi alinipa elfu nane. Na kilikuwa cha marehemu. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza, kaandika kwa penseli pembeni mwa kurasa, kitabu kizima. Mzee alisema nikirudishe nikienda. Msinirukie, nimeshaagiza kingine, tafsiri ileile, kiko njiani. Penseli nitanunua. Ndiyo maana naomba vitabu vingine, maongezi yaelekee huko.

Chaga Original: PENSELI!! 😂😂 Unataka kughushi mwandiko wa marehemu?

Mama Neema: Mwanangu, uongo wa ukweni hauna mahali pa kujificha. Mimi mume wangu alijitambulisha kwetu kama mhasibu. Miaka kumi na tisa baba anamwita mhasibu, na mwenzio anauza mbao.

Kibo_Usiku: Mama, mzee mwenyewe hakuwahi kukifungua tangu mkewe afariki. Mchumba ndiye kaniambia. Kwa hiyo hawezi kujua.

Mzee wa Kihesa: Hujui kitabu kule kilikuwa nini. Mwenzangu bwenini aliwahi kunipa Příliš hlučná samota ya Hrabal. Hakikuwa kitabu, ni rundo la karatasi nyembamba zilizopigwa taipu na kaboni, nakala ya sita au ya saba, herufi kama ukungu, maana serikali ilikuwa haijaruhusu kichapwe. Usiku mmoja tu, asubuhi kinakwenda kwa mwingine. Ni kisa cha mtu anayeshindilia karatasi taka miaka 35, anaviokoa vitabu anavibeba nyumbani. Kicheki changu kilikuwa cha kuungaunga, lakini sikulala. Wewe elfu nane.

Mpiga Ramli: CHAI. Mtu atume kitabu cha marehemu mkewe kwa posta mpaka Moshi, kwa kijana ambaye hajawahi kumwona? Tena huyuhuyu Kibo_Usiku mwezi wa nne alikuwa anauza pikipiki Mtwara. Mmeandikiwa hadithi mnalia.

Dada Mwalimu: Kama ni chai, kaipeleka kwa wenyewe. 2005 televisheni yao iliendesha kura ya Mcheki mkuu kuliko wote. Watu wakammiminia Jára Cimrman: mvumbuzi, mshairi, msafiri. Kasoro yake moja, hajawahi kuzaliwa. Ni mtu wa kubuni, alianzia kwenye kipindi cha redio miaka ya 60. Ikabidi wamwondoe, ushindi ukaenda kwa Mfalme Karel wa Nne.

Jirani wa Limuru: Basi Kibo ndiye Cimrman wa Moshi 😂

Kibo_Usiku: Pikipiki ni ya kaka yangu. Picha siweki, mchumba anasoma Kiswahili. Ila humo kwenye Švejk kuna Palivec mwenye baa, aliyeondoa picha ya Kaisari ukutani kwa sababu nzi walikuwa wanainyea, na kulisema tu hilo akakamatwa. Pembeni ya ukurasa huo mama kachora nzi. Mabawa mawili, miguu mitano. Kwa nini mitano sijui. Usiku huu nimejaribu kumchora kwenye risiti, hatokei.

Fundi Mchundo: Mimi niko Soweto hapahapa Moshi. Kesho napeleka mzigo stendi. Muuzaji yupi?

Kibo_Usiku: Wa mwavuli wa bluu.

Fundi Mchundo: Jalada rangi gani?

Kibo_Usiku: Limetoka. Nilikivalisha gazeti.

Mpiga Ramli: Bado nasema chai. Ila Fundi, ukikipata, nipige picha ya huyo nzi.